Mpangaji Aliyewahamisha Wenzake

Verediana alihamia Lipangalala, mtaa wetu hapa Ifakara, nyumba ikiwa bado haina milango. Ilikuwa mwaka tisini na saba. Alikuwa na miaka thelathini, ametoka kijijini kwao ng'ambo ya mto Kilombero, binti mgongoni, na mume aliyekwenda Mbeya kutafuta kazi akapata mke. Hapa mjini alipata kibarua cha kupepeta mchele kwenye mashine za mpunga, na huko ndiko alikokutana na mzee Polycarp.

Polycarp alikuwa fundi mitambo kule kwenye miwa, upande wa Kidatu. Alikuwa anajenga kama wanavyojenga wafanyakazi wengi wa miwa: akilipwa ananunua saruji kidogo, anapanda basi mpaka Ifakara, anamkabidhi fundi, anarudi kazini. Kila akirudi anakuta saruji imepungua na ukuta haujapanda. Akamwambia Verediana, "Dada, hamia mle. Kaa bure mpaka niweke milango. Mimi nataka mambo mawili tu: saruji yangu isiibiwe, na sakafu imwagiliwe asubuhi na jioni isije ikapasuka."

Basi alihamia. Alitundika kanga mlangoni, akalala juu ya mifuko ya saruji kwa miezi mitano, na kila kulipokucha alichota maji kisimani akamwagilia sakafu ya nyumba isiyo yake. Milango ilipowekwa alianza kulipa kodi kama mtu mwingine yeyote, na hakuacha kulipa kwa miaka ishirini na sita.

Ilikuwa nyumba ya korido, vyumba vitatu huku na vitatu kule, choo na bafu uani. Mimi nina banda la kutengeneza baiskeli ng'ambo ya barabara, kwa hiyo niliwaona wapangaji wakiingia na kutoka. Wengi walikaa mwaka, wakapita. Waliokaa wakakaa ni wachache. Alikuwapo bibi Mwanasha, mjane, aliyepika vitumbua tangu nyumba haijapakwa chokaa. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba na kila mwezi alikwenda hospitali kwa mguu, polepole, kuchukua dawa za presha. Walikuwapo Limbu na mkewe Mbuke, Wasukuma waliokuja bondeni na ng'ombe, ng'ombe wakaisha mwaka ule serikali ilipoiondoa mifugo bondeni, wakajikuta mjini na vyumba viwili, watoto wanne na shamba la mpunga la kukodi. Na alikuwapo Omega, binti wa saluni, mdogo kuliko wote na mwenye mdomo kuliko wote.

Mkubwa wao alikuwa Verediana. Yeye ndiye aliyekusanya michango ya umeme. Yeye ndiye aliyepanga zamu ya kufagia uani, akaamua nani kaanika nguo kwenye kamba ya nani, akaita bajaji mtoto wa Mbuke alipopata degedege. Mgeni akiuliza mwenye nyumba yuko wapi, anaonyeshwa yeye. Naye hakukataa haraka. Alicheka kidogo kwanza, ndipo aseme, "Mwenye nyumba yuko Kidatu."

Mzee Polycarp alikuwa na neno lake, na alilisema mbele ya watu zaidi ya mara moja: "Vere, mimi nikiondoka duniani, wanangu hawatakugusa." Alilisema kwa moyo. Hakuliandika popote. Alipofariki, Verediana alikwenda Kidatu msibani, akapika siku tatu, akarudi Lipangalala akaendelea kulipa kodi kwa Lukelo.

Lukelo ndiye mtoto mkubwa wa marehemu. Sisi tulimjua tangu akiwa na kaptula, kwa sababu alisomea sekondari hapa Ifakara na miaka minne yote alilala kwenye chumba kimoja cha nyumba ile. Aliyempikia ni Verediana. Aliyemfulia shati jeupe ni Verediana. Alipougua malaria, aliyekesha ni Verediana. Kwa hiyo alimwita mama, na hata alipokwenda Dodoma akawa mtu wa ofisi, akapata gari na kitambi, simu yake ilianza na "Mama, shikamoo."

Alikuja mwezi wa tisa, mwaka wa ishirini na tatu. Barabara ya lami kutoka Kidatu ilikuwa imetufikia, na viwanja vilivyokuwa vinadharauliwa vilianza kutafutwa na watu wenye viatu vinavyong'aa. Wanafunzi wa chuo walikuwa wanazunguka mitaani wakiulizia vyumba vya masta, vyenye choo ndani. Sisi wa vyoo vya uani tulikuwa tunawacheka. Yaliyosemwa siku ile chumbani mwa Verediana sikuyasikia mwenyewe. Verediana ndiye aliyenisimulia, mwaka huu, amekaa kwenye benchi la banda langu, hanitazami usoni.

Lukelo alileta kanga na sukari. Alikaa kitandani, kwenye kitanda kilekile alichokuwa anakalia akila, akamwonyesha michoro kwenye simu. Ghorofa moja juu. Vyumba ishirini na vinne. Kila chumba na choo chake, vigae chini, tangi la maji nyuma.

"Hapa chini, mama, nyuma ya ngazi. Unakiona hiki chumba?"

"Nakiona."

"Hiki ni chako. Maisha yako yote."

Verediana aliishika simu kwa mikono miwili. Akauliza, "Kodi yake?"

"Mama! Mimi nikutoze wewe kodi? Baba alisema nini? Si alisema wanawe hawatakugusa? Mimi nalikumbuka neno la baba."

Aliniambia hapo machozi yalimtoka. Lukelo akamwacha alie kidogo, kisha akasema ana tatizo moja dogo. Mkopo wa ujenzi umetoka. Ndugu zake wawili wanasubiri mgawo wao. Msingi lazima uchimbwe kabla mvua hazijaanza, maana udongo wa Lipangalala ukishalowa, tingatinga litazama. Kwa hiyo mwisho wa mwezi wa kumi nyumba iwe tupu.

"Wapangaji nimeshawaandikia barua za kuhama, ziko kwenye gari. Ila barua ni barua. Yule binti wa saluni namjua, ana maneno. Wakienda baraza la kata kuniwekea pingamizi, hata la uongo, nimekwisha. Mvua zitanikuta na benki itaanza kunidai. Lakini wewe wanakusikiliza, mama. Wewe ukisema tuondoke, wataondoka."

Verediana alimrudishia simu. Kisha akauliza, "Na Mwanasha?"

"Mama, nikianza na mmoja, nitaishia wapi?"

Hakuuliza tena. Hakuuliza habari za Mbuke wala watoto wanne. "Nilitaka kuuliza," aliniambia. "Nikaona nikiuliza sana, atakiondoa na changu."

Barua ziligawiwa. Jumapili iliyofuata, saa tisa alasiri, wapangaji walikaa kwenye korido, wengine kwenye mikeka, wengine kwenye ndoo zilizopinduliwa. Siku hiyo mimi nilikuwapo, kwa sababu walinikaribisha kama jirani. Omega alikuwa amekwisha kutafuta habari. Alikwenda kwa dada mmoja anayetoa msaada wa sheria karibu na soko, akarudi na karatasi imeandikwa kwa kalamu nyekundu.

"Jamani, sikilizeni," alisema. "Hatusemi nyumba ni yetu. Nyumba ni ya kaka Lukelo, na ana haki yake. Lakini hata notisi ikiisha hawezi kuja tu na tingatinga. Sharti aende mbele ya baraza, na sisi tuitwe tujieleze. Dada amesema tukiandika barua moja, tukasaini wote, tukaomba mpaka shule zifungwe, baraza litatusikiliza. Miezi miwili tu. Desemba."

Limbu ni mtu wa maneno machache. Alisema, "Mimi sina shida na kuhama. Nimehama sana. Shida yangu watoto. Wawili wana mitihani. Na mwezi wa kumi pesa yote iko shambani, kwenye trekta na mbegu. Nikihama Desemba nitakuwa nimejipanga."

"Mimi miguu hii," alisema bibi Mwanasha, akaitazama miguu yake kama ya mtu mwingine. "Nikipata chumba kilicho karibu na hospitali nitaondoka hata kesho. Lakini nani atanitafutia?"

"Ndiyo maana tunaomba muda, bibi," Omega akasema. "Tukipata muda tutakutafutia."

Watu walikubali. Niliona vichwa vikitikisika. Mtoto mmoja wa Mbuke alitumwa kuleta daftari ili barua iandikwe palepale. Ndipo Limbu, kwa adabu tu, kwa sababu hakuna jambo lililofanyika katika nyumba ile bila yeye, akamgeukia Verediana, akamwita mama kwa Kisukuma chao, "Mayu, wewe mkubwa wetu unasemaje?"

Verediana alikuwa amekaa kizingitini pa chumba chake. Alisema kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ndiyo tuliyozoea kuiamini.

"Mimi nimekaa hapa kuliko nyote. Nimeimwagilia sakafu hii kabla hamjaijua. Kama kuna mtu anapoteza hapa, ni mimi. Na mimi nasema tuondoke kwa heshima. Yule kijana nimemlea. Tukimpeleka barazani tutamfanya adui, na adui hamrudishii mtu kodi iliyobaki. Tukiondoka kwa amani, atatukumbuka. Mimi mwenyewe kesho naanza kufunga vitu."

Omega akasema, "Mama Vere, hatumpeleki kumshtaki. Tunaomba muda tu."

"Mwanangu," Verediana alimjibu, "wewe una saluni na una ujana. Utalala popote. Usiwapeleke wazee barazani kwa ajili ya mdomo wako."

Omega aliikunja mara nne ile karatasi yenye kalamu nyekundu. Daftari lilipofika hakuna aliyelipokea.

Mimi nami nilikuwa na kinywa siku ile. Ningeweza kusema, miezi miwili si mingi, waacheni waombe. Sikusema. Nilijiambia si mimi ninayehama. Ndivyo ilivyokuwa, mtaa mzima uliwatazama watu wakitolewa ukahesabu kwamba jambo la wapangaji ni la wapangaji. Tena tulikuwa na maneno ya kujitetea: kiwanja ni cha mwenyewe, mji lazima ukue, wanafunzi wataleta biashara. Yote ni kweli. Lakini mtu alipe kodi miaka ishirini na sita, azike, azae, alee watoto wa wengine, achangie mazishi ya mtaa mzima, halafu siku ya kuondoka aonekane hana alichoacha pale isipokuwa misumari ukutani. Hilo nalo ni kweli, na hatukulisema.

Walihama ndani ya wiki mbili, mmoja mmoja. Limbu alipata chumba kimoja cha watu sita, mtaa wa Viwanja Sitini. Omega alihamisha saluni yake bila kuaga. Bibi Mwanasha alichukuliwa na mpwa wake wa Mkula, kule njiani kuelekea Kidatu, aliyekuwa na duka la mkaa na nafasi kidogo nyuma ya duka.

Siku bibi alipokuwa anaondoka, Verediana naye alikuwa ametoa godoro lake nje ili aonekane anahama. Kweli alikuwa anahama, kwa muda, kwenda kulala stoo ya mashine ya mpunga mpaka ujenzi uishe. Mwanasha alilitazama lile godoro, akamtazama Verediana, akaanza kumwonea huruma.

"Mimi angalau naenda kwa ndugu," alimwambia. "Wewe, Vere, binti yako yuko Tunduma hata simu hapigi. Utakwenda wapi, mama?"

"Mungu yupo," Verediana akajibu.

Bibi aliingiza mkono kwenye mizigo yake, akatoa chuma cha kupikia vitumbua, kile chenye mashimo saba, kizito, cheusi kwa miaka. "Chukua. Mimi sitapika tena na miguu hii. Wewe ukikosa kibarua, kitakulisha."

Verediana alikataa. Bibi akalazimisha. Mpwa akasema gari linachelewa. Mwisho wake Verediana alibaki amesimama barabarani na chuma kile mikononi, na sisi kwenye banda tukasema, aa, yule mama ana moyo, kapoteza kila kitu na bado anawasindikiza wenzake.

Nyumba ilibomolewa siku moja. Mabati yaliuzwa palepale kwa yeyote aliyetaka. Nilinunua mawili. Yapo juu ya banda la kuku wangu mpaka leo.

Msingi ulichimbwa kabla ya mvua, kama Lukelo alivyotaka. Halafu, kwa habari nilizopata baadaye, mkandarasi aligombana na muuza nondo, kazi ikasimama, na msingi ule ukakaa mwezi wa kumi na moja, wa kumi na mbili na Januari umejaa maji na vyura. Ile miezi miwili waliyoiomba wapangaji ilipita mbele ya macho yetu hakuna hata fundi mmoja kiwanjani. Watoto wa Limbu walikuwa wanatembea kutoka Viwanja Sitini kuja shule ileile ya zamani, na njia yao ilipita pale. Walisimama wakatupa mawe majini.

Bibi Mwanasha alifariki mwezi wa tatu, kwenye masika. Duka la mkaa lilikuwa linavuja. Toka Mkula kuja hospitali ni nauli kwenda na kurudi, na mpwa wake alikuwa mtu mwema lakini mwenye watoto wake. Mwezi mmoja alimleta, mwezi mwingine alisema tutakwenda mwezi ujao. Dawa zilikatika. Alianguka asubuhi moja akiwa anajaribu kufagia, hakuamka.

Verediana alipata habari kwenye mashine ya mpunga. Alipanda basi na kanga mbili kichwani, akafika Mkula watu wamekwisha kutoka kuzika. Akaketi mkekani na wanawake. Limbu na Mbuke walikuwapo, wamekaa upande mwingine. Mbuke alimtazama mara moja akarudisha macho chini.

Mpwa wa marehemu alisimama kushukuru watu. Alishukuru majirani, alishukuru msikiti, kisha akamwona.

"Na yupo mama yetu kutoka Ifakara," alisema. "Marehemu alikuwa anamtaja kila siku. Alikuwa anasema, Vere ndiye aliyetusihi tuondoke kwa amani, bila hivyo tungeaibishwa barazani sisi wazee. Mama, asante kwa kumtunza shangazi. Mungu akulipe."

Watu wakaitikia, amina. Wanawake wawili walimsogelea wakamshika mikono. Mmoja alimletea chai.

"Nilitaka ardhi ipasuke," Verediana aliniambia. "Nilikunywa ile chai."

Jengo lilikamilika katikati ya mwaka jana, rangi ya maziwa, madirisha ya aluminiamu, geti lenye mikuki. Na Lukelo alitimiza ahadi. Hili lazima niliseme, kwa kuwa wengi mtaani wangependa nisimulie kwamba alimdhulumu. Hakumdhulumu. Alimpigia simu mwenyewe, akaja na ufunguo mwenyewe, akamfungulia mlango wa chumba nyuma ya ngazi. Vigae chini. Taa inawaka ukibonyeza. Dirisha linatazama tangi la maji. Choo kiko ndani.

"Umefurahi, mama?"

"Nimefurahi, mwanangu."

Mwanzoni hakuwa na kazi yoyote. Halafu Lukelo akaomba, kama hachoki, awe anatupia jicho usafi wa ngazi. Halafu akaajiriwa msimamizi, Festo, kijana asiyejua habari za zamani, akamkuta mama anafagia, akadhani huyo ndiye aliyeajiriwa kufagia. Akamwandikia ratiba, akaibandika mlangoni. Korido ya chini kila siku, ya juu kila siku, takataka Jumatano na Jumamosi. Verediana alimpigia Lukelo. Lukelo akacheka vizuri, akasema, "Mama, si mazoezi tu hayo? Kijana anataka mambo yaende kwa utaratibu. Usimjali." Ratiba ikabaki mlangoni.

Sasa ndiye anayepiga deki. Wanafunzi wanampenda, wanamwita mama usafi. Analala pakavu, ana maji, hadaiwi kodi. Hapa Lipangalala hakuna mama wa umri wake aliyepanga anayekaa kama anavyokaa yeye.

Mwaka huu, mwezi wa pili, alikwenda Viwanja Sitini. Hakumwambia mtu. Alimkuta Mbuke uani anachambua mchele kwenye ungo, akasalimia, akaketi chini bila kukaribishwa, akasema yote: chumba, simu, kanga na sukari, neno alilolisema kwenye korido. Mbuke aliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Tulijua," Mbuke alisema baada ya kusikia yote.

"Mlijua lini?"

"Siku ileile uliyosema tuondoke, jioni. Omega alimsuka mke wa fundi aliyechora ramani. Akamwambia kuna chumba cha mama mmoja mpangaji. Omega akaja kutuambia kabla hatujafunga mizigo."

"Basi kwa nini mliondoka? Kwa nini hamkwenda barazani?"

"Limbu alikataa. Alisema, tumeondolewa bondeni na watu tusiowajua, hilo lilikuwa na nafuu. Huyu ametuogeshea watoto. Kama na yeye anataka tuondoke, tutakaa hapa kwa ajili gani?" Mbuke aliutikisa ungo. "Bibi Mwanasha hatukumwambia. Alikuwa anakupenda. Tulimwacha akupende."

"Nisamehe, Mbuke."

Mbuke hakumtukana. Verediana aliniambia afadhali angemtukana. Mbuke alisimama na ungo wake akasema, "Mimi sina kesi na wewe, mayu. Ila usije tena hapa. Watoto wakikuona watakukimbilia, na mimi sitajua niwaambie nini."

Akaingia ndani. Verediana alirudi kwa mguu, kilometa zote, na bajaji zilikuwa zinampigia honi apande.

Ndiyo siku alipopita kwenye banda langu, akaketi, akanieleza. Alipomaliza alingoja nimwambie jambo. Nilikuwa nimeshika tairi la mtu, naziba pancha. Nilifikiri juu ya mabati yangu mawili. Nilimwambia, "Pole, mama Vere," naye akasema, "Asante," akavuka barabara, akafunguliwa geti.

Wiki iliyopita nilipeleka baiskeli ya mwanafunzi mle ndani. Verediana alikuwa amepiga magoti anasugua ngazi ya chini. Binti mmoja anayesomea uuguzi alikuwa anashuka na vitabu, anaruka palipolowa, akasema kwa heshima, "Shikamoo mama. Samahani, nakuharibia."

"Marahaba. Pita tu, mwanangu."

Binti alisimama mlangoni akingoja bodaboda. Kwa kuzungumza tu, akauliza, "Eti mama, wewe ni wa siku nyingi. Kabla ya hosteli hapa palikuwa na nini?"

Verediana alikamua tambara kwenye ndoo. Aliniona nimesimama pale na baiskeli.

"Palikuwa kiwanja tu," alisema. "Majani."

Binti akasema, "Kumbe," bodaboda ikaja akaondoka. Verediana akasogeza ndoo kwenye ngazi ya pili.